Nusu na Wenzake

Jumapili, 3 Novemba 1996

Mvua ya kwanza imenyesha mchana, na bati limevuja palepale lilipovuja mwaka jana: juu ya kitanda changu, si juu ya kitanda cha dada Pelagia. Nyumba hii marehemu baba aliiacha bila kusema ni ya nani, lakini bati linajua.

Daftari nimelinunua ili nipate mahali pa kumjibu dada bila kelele. Leo, mbele ya wateja wake wa vitumbua, kasema mwanaume wa miaka thelathini na moja anayelala na midoli haoi, huyo anangoja kuolewa. Wateja wakacheka hadi chai ikawapalia.

Namjibu hapa. Si midoli. Mdoli hubebwa na kubembelezwa. Mimi nakusanya mashujaa, wale watu wa plastiki wenye vifua vipana, barakoa usoni na joho mgongoni, wanaoruka juu ya maghorofa kwenye sinema za Wazungu. Nauza mitumba ya watoto sokoni hapa Mpanda, na mabelo, yale marobota ya nguo, yakishuka kwenye treni ya Kaliua huwa yamewabeba bila kukusudia. Mmoja nilimkuta ndani ya buti. Mwingine alikuwa kwenye mfuko wa kaptula ya mtoto ambaye sasa pengine ana ndevu. Wenzangu sokoni huwagawia watoto wao, na wiki haiishi utamkuta shujaa mtaroni hana kichwa. Mimi nawaosha, nawaunga viungo kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nawasimamisha kwenye rafu. Wako tisa. Majina yao ya kwao siyajui, kwa hiyo nimewapa ya hapa: Koti, Bawa Moja, Ndonga, Bi Nyota na wengine.

Na Nusu. Nusu si plastiki, ni plasta nzito, na ni kichwa na mabega tu. Fundi mmoja wa Kizungu alikuwa anauza vitu vyake arudi kwao. Watu wakagombania sufuria na godoro, mimi nikatoka na Nusu kifuani. Dada mpaka leo hajanisamehe lile godoro.

Nikiwa peke yangu nawageuza mikono, nawabadilisha nafasi, nawatazama. Hakuna kitu Mpanda hii kilichofika kizima na kikabaki kizima, ila hao. Hilo nalo nikimwambia mtu atacheka.

Jumatano, 6 Novemba

Nyanzala kapita jioni akitoka kwa masista wanaomfundisha ushonaji. Ni binti wa mzee Mwandu, Msukuma mwenye ng'ombe kule Majimoto, na mwezi ujao anamaliza mafunzo arudi kwao. Mimi ni Mpimbwe, kwetu ni jembe na mpunga na kanisa, na ng'ombe ninaowafahamu ni wa buchani. Tunapendana tangu Pasaka. Yeye ndiye anayesema tangu Pasaka. Mimi kwangu ilianza zamani.

Alileta vijoho vya kaniki alivyoshona kwa mabaki ya darasani, maana majoho mengi ya mashujaa wangu yalibaki Ulaya. Kawafunga shingoni mmoja mmoja, Nusu akamzungushia mabegani. Nikamwambia shujaa wa kweli huvaa nyekundu. Kasema masista hawana mabaki mekundu, na mwenye shida hachagui rangi.

Akiwa anafunga ndipo akanieleza habari ya senga wake, yaani shangazi, anayeitwa Doto. Alizaliwa pacha, na Kulwa wake, pacha aliyetangulia, akafa mchanga. Baba yao akachonga kijiti kirefu kama kiganja, wakakifunga kaniki, na hicho ndicho Kulwa mpaka leo. Kinasimama karibu na kitanda cha shangazi. Uji ukiiva kinatengewa kwanza. Alipoolewa alikwenda nacho, mume alipofariki akarudi nacho kwa kaka yake Mwandu. Na kwao mgeni akikikuta hakiulizii. Mtu hahojiwi juu ya aliowazika, husubiriwa mpaka aseme mwenyewe.

Nikauliza kama kina mikono inayokunjika. Nyanzala akacheka, kisha akaacha kucheka. Lakini kwa kweli ningependa kukiona. Mti uliokaa miaka hamsini bila kupasuka si mti wa kawaida.

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua. Sijauza hata soksi.

Jumamosi, 23 Novemba

Mshenga wangu karudi. Ni Sylvanus, rafiki yangu, ambaye hupanda malori kwenda Majimoto kununua mpunga, na kwa hiyo ni mtu anayeweza kupeleka posa bila kujitia gharama. Kasema mzee Mwandu alimsikiliza vizuri, akamkaribisha maziwa, akauliza swali moja tu: huyo kijana ndiye yule anayeishi kwa kafa Ulaya?

Ndivyo wanavyoiita mitumba, nguo za Wazungu waliokufa. Nikamwambia Sylvanus angemjibu kwamba wafu wa Ulaya wanavaa vizuri kuliko wazima wa Majimoto. Akasema ndiyo maana mtu hajiposei mwenyewe.

Mzee hakukataa. Amesema atatuma mtu aone ninavyoishi.

Jumanne, 3 Desemba

Treni haijafika, reli imezama njiani. Sina belo. Nimeshinda nyumbani nikimtengenezea Ndonga goti. Dada kapita mlangoni, katazama, kaenda zake bila neno. Afadhali angetukana.

Jumamosi, 14 Desemba

Leo wamekuja, na sijui nimefanya nini.

Shangazi Doto alifika mjini kupimwa macho, na mzee Mwandu akamwagiza apitie kwangu. Alikuwa na Manyanda, kaka yake Nyanzala, kijana mrefu asiyecheka. Nikamwamkia shangazi kwa Kisukuma nilichofundishwa wiki nzima, "Mwangaluka", nikasahau kwamba hiyo ni ya asubuhi, na wakati huo ilikuwa alasiri. Manyanda akatazama pembeni. Shangazi akaitika kama vile jua ndilo lililokosea, na papo hapo nikampenda.

Dada alipika wali na kuku, tena vizuri mno, kwa sababu aibu yangu ni yake pia. Tulipomaliza kula mvua ikaanguka kwa ghadhabu. Sebule ikaanza kuvuja, bibi wa watu kachoka na safari, na dada akamchukua akajipumzishe chumbani kwangu, pembe isiyovuja, kwa kuwa chake kimejaa unga na mkaa. Nilitaka kuwahi niwafunike mashujaa kwa shuka. Sikupata nafasi. Nilibaki nimeketi mbele ya Manyanda, tunazungumzia bei ya chumvi, masikio yangu yote yako ukutani.

Alikaa huko muda mrefu. Hakuna sauti. Nilitegemea acheke, au aite mtu aulize haya ni madude gani. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na yana maji, nikasema moyoni ni ile dawa ya hospitali. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole, mwanangu," akasema.

Nikajua ni kwa ajili ya bati. Nikamwambia asante shangazi, tumeshazoea, kila msimu wa mvua ni hivyohivyo.

"Kila msimu?"

"Kila msimu. Tangu baba alipofariki hakuna mwaka tuliopona."

Akanitazama, mkono hauachi. Halafu akaomba waondoke, ingawa mvua haijakatika.

Nilipoingia chumbani nikakuta kishanga cheupe mbele ya Nusu. Sahani yangu ya karanga, ambayo huwa naiacha pembeni ya rafu nitafune nikisikiliza redio, ilikuwa imesogezwa katikati. Na kwenye kifuniko cha chupa palikuwa na maziwa, yale aliyotuletea zawadi kwenye kibuyu. Mikono ya wote ilikuwa imeshushwa chini, hata Bawa Moja ambaye mimi humsimamisha kama anayetaka kuruka.

Yale maziwa mpaka jioni yalikuwa yameanza kunuka. Nimeosha rafu. Nadhani bibi aliwaogopa, akadhani ni vitu vya mganga, akawa anajikinga navyo. Kwenda kumwambia Mwandu kwamba mkwe wake mtarajiwa anafuga mizimu, hilo tu ndilo lililobaki.

Jumapili, 15 Desemba

Misa. Padri kahubiri juu ya furaha. Dada kaniambia njiani: "Yule mama katoka mle ndani hana sauti. Umeyaona mwenyewe." Kweli, niliyaona mwenyewe.

Ijumaa, 20 Desemba

Nyanzala kaondoka na lori la asubuhi, mafunzo yamekwisha. Kasema kwao wakikubali ataniletea habari mwenyewe kabla ya mshenga. Nilimpa sweta la kitoto jeupe, zuri kuliko yote niliyopata mwaka huu. Kalikunja kaliweka chini kabisa ya mzigo ili Manyanda asilione.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Kuku mwingine. Hakuna habari.

Jumapili, 5 Januari 1997

Hakuna habari. Belo limefika, nguo za baridi tupu, makoti ya manyoya. Nani kamwambia huyo Mzungu kwamba Mpanda kuna theluji? Chini kabisa kulikuwa na mguu mmoja wa kijani wa shujaa, mwenyewe hayumo. Nimeutunza.

Jumatatu, 13 Januari

Sylvanus karudi kutoka Majimoto. Lori lilikwama bondeni Katavi wakalala humo na viboko. Yote hayo kayaeleza kwanza, kwa raha zake, ndipo akafikia langu.

Kasema mzee bado hajatamka. Shangazi tangu arudi kutoka mjini ni mtu wa kukaa na kaka yake jioni, wao wawili tu, wanazungumza chinichini. Wakiingia watu wananyamaza. Siku moja Sylvanus alipita uani akasikia shangazi anasema, "Wote wamesimama, kaka. Hata yule asiye na miguu." Mzee akapiga mluzi wa huzuni.

"Wanazungumzia madude yako," Sylvanus akaniambia. "Ndugu yangu, wewe unataka mke au unataka rafu?"

Nilimwambia yeye kazi yake ni kupeleka maneno, si kunipangia chumba. Tukaachana vibaya. Baadaye nikakaa nikiwatazama, wote kumi, katika kaniki zao, na kwa mara ya kwanza nikawaona kama dada anavyowaona. Wanachekesha. Nilimchukia Sylvanus kwa hilo kuliko kwa maneno yake.

Alhamisi, 23 Januari

Mvua siku tatu. Kitanda nimekisogeza mpaka katikati ya chumba, sasa kinanyeshewa miguuni tu. Dada kasema mwanaume huezeka kwanza, huposa baadaye.

Jumatano, 5 Februari

Nyanzala alikuwa sokoni leo!

Walikuja yeye na Manyanda kununua chumvi na dawa ya ng'ombe. Akasimama kwenye meza yangu akijifanya anachagua nguo, kaka yake hatua chache nyuma amekunja mikono. Amekonda. Nikamuuliza kimya kimya kwao wanasemaje. Akashika kaptula, akaigeuza ndani nje, na bila kunitazama akasema: "Wale wako waache walivyo. Usiondoe hata mmoja."

Nikamuuliza kwa nini. Manyanda akaita. Akaweka kaptula chini akaenda.

Nimeyageuza maneno hayo mchana kutwa, na nimeyaelewa. Huyu binti ananionea huruma. Nyumbani kwao wanasema achana na mwendawazimu wa midoli, naye anasimama sokoni ananiambia nisijibadilishe kwa ajili yake, yuko tayari kunichukua na upuuzi wangu wote. Ni upendo, sikatai. Lakini ni upendo wa kumpenda mtu mwenye kilema, na mimi sina kilema. Siwezi kumwacha abebe aibu yangu mbele ya baba yake.

Jumamosi, 8 Februari

Nimewauza.

Leonidas mwenye banda la video karibu na stesheni alikuwa akiwatamani tangu zamani. Anataka kupamba mlango ili watu wajue ndani kuna sinema za mapigano. Hakuwa na fedha taslimu, ila alikuwa na mabati yaliyobaki alipoezeka banda. Tukabadilishana. Alimtaka Nusu kuliko wote. Nilisema Nusu hapana, akasema basi na bati hapana.

Niliwapanga kwenye boksi la sabuni. Nilivua kaniki za Nyanzala, halafu nikawavika tena, kwa kuwa bila zile walikuwa uchi na siwezi kumpa mtu shujaa aliye uchi. Leonidas akamwinua Koti, akamkunja mguu upande usiokunjika. Nikamwonyesha unavyokunjwa. Akasema sawa sawa, hasikilizi.

Fundi kapiga mabati mapya alasiri. Dada Pelagia kaja kutazama chumba, kakagua rafu tupu, kanishika bega. Hajawahi kunishika bega tangu msiba wa baba. "Sasa umekuwa mtu," akasema. Nilijisikia vizuri, naandika hapa ili niukumbuke upumbavu wenyewe ulivyokuwa mtamu.

Rafuni nimeweka kioo na picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu.

Jumatano, 12 Februari

Jumatano ya Majivu. Mvua imepiga alfajiri yote na sijasikia tone ndani. Chumba kimekuwa kikubwa.

Jumamosi, 22 Februari

Nitaandika yote, kwa mpangilio, maana kichwani mwangu hayana mpangilio.

Sylvanus alikuja jana jioni amejaa kicheko, kasahau ugomvi wetu. Wamekubali. Mzee Mwandu mwenyewe yuko njiani na dada yake, kesho watakuwa kwangu. Kuhusu ng'ombe wa mahari, mzee kasema tutaelewana taratibu. Kilichowageuza Sylvanus hakukijua. Mimi nilikijua, au nilidhani hivyo: Nyanzala amesikia kwamba nimewaondoa, akawaambia. Nililala nikicheka peke yangu.

Wakafika asubuhi, Sylvanus akiwatangulia. Safari hii "Mwangaluka" yangu ilikuwa ya saa yake. Mzee Mwandu ni mfupi, mpole, anazungumza akitazama fimbo yake. Hakutaka hata maji kabla hajasema lililomleta.

"Nilikuwa sitaki," akasema. "Nilisema mtu hana ng'ombe, hana shamba, anauza nguo za marehemu. Nyie mnajua tunavyosema. Lakini dada yangu alikuja hapa, akarudi akaniambia: kaka, yule kijana ameona makubwa na hasemi. Mtu aliyezika wengi namna ile akawasimamisha wote, anawavisha, anawalisha, hata yule aliyekuja nusu hakumtupa. Akasema mtu wa namna hiyo hatamtupa mtoto wetu. Mimi dada yangu huwa simbishii."

Nilisikia kila neno na sikuelewa hata moja. Dada Pelagia alielewa kabla yangu, maana aliweka sinia chini na kukaa juu ya ndoo. Shangazi Doto alikuwa tayari amesimama. Alikuwa na kibuyu cha maziwa na kijifuko cha shanga. Akasema kabla ya mazungumzo angependa kwanza kuwasalimia, akaelekea chumbani kwangu mwenyewe, njia anaijua.

Akatoka haraka.

"Watoto wako wapi?"

Hapo bado nilikuwa na nafasi. Ningesema nimewapeleka kwetu Usevya. Ningesema lolote. Lakini kichwa changu kilikuwa kimebeba jibu moja tu, lile nililolitayarisha wiki mbili, na likatoka lenyewe, kwa majivuno, kama la mtoto wa shule aliyeulizwa jedwali la kuzidisha.

"Nimewauza, shangazi. Nimepata bati."

Mzee Mwandu akaangalia juu, kwenye bati. Sote tukaangalia juu. Ndipo picha zote zikanijia kwa pamoja: Kulwa wa kijiti, kaniki, uji wa kwanza, karanga katikati, ile pole yake, na mimi namjibu kwamba kila msimu ni hivyohivyo.

Nikaanza kueleza. Nilieleza sana. Kwamba sijawahi kuwa na mtoto, sijazika mtu ila wazazi wangu, kwamba wale ni vitu vya kuchezea vya watoto wa Kizungu, vinatoka kwenye mabelo, ni plastiki tu. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na kila kimoja kilinizamisha zaidi.

Shangazi alinisikiliza mpaka nikaisha pumzi.

"Siku ile nililia mle ndani," akasema. "Niliwaita mmoja mmoja kwa jina la Kulwa wangu. Nikarudi nyumbani nikamwambia Kulwa, huko Mpanda una wenzako. Sasa unaniambia ulikuwa unacheza."

Mzee Mwandu akainuka, akamshukuru dada Pelagia kwa chakula ambacho hakukila. Akamwambia Sylvanus, si mimi, kwamba mtu aliyeuza wafu wake wangeweza kumhurumia, njaa ina mambo. Lakini mtu anayecheza mchezo wa kufiwa hawamjui ni mtu wa aina gani.

Wakatoka kwenda kuwahi lori, nami nyuma yao nikiomba bado. Na njia ya kwenda kwenye malori inapita stesheni.

Leonidas alikuwa amewapigilia kwenye ubao juu ya mlango. Msumari kifuani, kila mmoja wake, kaniki zimelowa mvua. Plasta haikukubali msumari, kwa hiyo Nusu alikuwa amefungwa waya shingoni, ananing'inia katikati. Ndani jenereta linanguruma na watu wanapigwa risasi.

Shangazi Doto alisimama. Macho yake ni mabovu lakini hilo aliliona. Sikuwahi kuona mtu akitazama kitu namna ile, na mimi ndimi niliyesema kwamba ni plastiki tu. Akasogea, akanyoosha mkono kwa Nusu, hamfikii. Leonidas akatoka akitaka kufoka, akamtazama usoni yule mama, akaleta kigoda mwenyewe na koleo. Akakata waya.

Shangazi akamfuta Nusu uso kwa ncha ya kitenge. Kisha akainama, akamweka mgongoni, akamfunga mbeleko. Akapanda lori naye. Hakugeuka.

Jumapili, 23 Februari

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 10 Machi

Sikuuza.

Alhamisi, 20 Machi

Nyanzala kaja, peke yake, amemtoroka Manyanda sokoni. Alisimama mlangoni, hakuingia. Nilikuwa na hotuba ya mwezi mzima, akaniwahi.

"Nilikwambia usiondoe hata mmoja."

"Ungeniambia kwa nini."

"Mbele ya Manyanda? Niseme senga wangu analilia plastiki na sisi tunajua?" Akaegemea mwimo. "Nilipofahamu anachowaza nililia siku mbili. Halafu nikaona baba anaanza kulainika. Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa ajili yako, na uongo ule nilikuwa tayari kuufia. Wewe ulitakiwa ukae tu. Usifanye kitu."

Nikasema nilitaka kuwa mwanaume mbele ya baba yake.

"Nani alikuomba?" akasema.

Alitazama kioo na picha ya Moyo Mtakatifu pale rafuni, akauliza kama bati halivuji. Nikasema halivuji. Akaenda.

Jumapili, 30 Machi

Pasaka. Dada Pelagia, bila kuniambia, alikwenda kwa Leonidas akamrudisha Koti. Kaniwekea mezani, kasema, "Chukua mdoli wako," halafu akaingia jikoni akalia kwa kelele za sufuria. Ni mara ya kwanza ninamwona kama mtu aliyekosa na kujua amekosa. Ingekuwa rahisi zaidi kuendelea kumchukia.

Koti ana tundu kifuani, linaonyesha upande wa pili. Nimemsimamisha, anaanguka. Nimemlaza.

Jumapili, 20 Aprili

Mvua imekatika. Watu wanavuna, sokoni wameanza kuwa na hamu ya nguo.

Sylvanus karudi kutoka Majimoto, na safari hii hakueleza habari za lori. Nyanzala ameolewa Ugalla, kwa mtu mwenye ng'ombe na mizinga ya nyuki, ambaye hakuna anayesema ubaya wake. Niliuliza kama alilia. Sylvanus akasema hakuwa amesimama karibu. Ni muungwana kuliko nilivyokuwa nikimwandika humu.

Nikauliza mengine. Kasema alikaribishwa maziwa kama zamani, na mlango wa shangazi ulikuwa wazi. Kulwa yuko palepale karibu na kitanda. Pembeni yake ameongezewa mwenzake, kichwa na mabega tu, amevaa kaniki mpya. Uji ulipoiva shangazi akatenga wa Kulwa, akatenga na wa huyo, na mzee Mwandu akangoja mpaka wote wawili wapewe ndipo akanywa.

Mshenga nilimpata, bati nimepiga, Kisukuma nimejifunza. Kati yetu sote tuliotaka kuingia nyumba ya Mwandu, ameingia Nusu.